Wikendi ya opera Iringa: mwongozo kwa kundi linalotoka Mbeya

Maswali ni yale yale kila mara. Iringa kuna opera tangu lini? Tutaelewa nini wakati wanaimba Kitaliano? Suti ni lazima? Watoto waje? Na lile ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: hatutasinzia? Kuyajibu kwa simu, mtu mmoja mmoja, kunachosha. Basi yote haya hapa, kwa mpangilio wa kufanyia kazi.

La kwanza kabisa: jumba la opera, yaani la maigizo yanayoimbwa, hatuna nchini. Tunachofanya ni kukodi ukumbi mdogo Iringa, kutundika shuka jeupe, kuwasha projekta na kutazama opera nzima iliyorekodiwa jukwaani. Tunaitazama pamoja, tumevaa vizuri, na tumesafiri kwa ajili hiyo. Mbona tusiitazame sebuleni Mbeya? Kwa sababu sebuleni mmoja atapokea simu, mwingine ataenda kuchungulia maharage jikoni, na katikati ya wimbo mgeni atabisha hodi. Mtu aliyelipa nauli na kulala lodge hukaa kwenye kiti.

Kanuni ni moja. Usiku wa Jumamosi ndio safari yenyewe, na basi, lodge, matembezi na chakula vipangwe visiuharibu. Makundi mengi yanayoshindwa hushindwa mchana: wanaenda Isimila, Kalenga na Gangilonga, vivutio vyote vya Iringa, siku moja, na saa mbili usiku ukumbi mzima unakoroma.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kundi la watu wanane hadi kumi na watano. Chini ya hapo gharama inamlemea kila mmoja. Zaidi ya hapo shuka halitoshi.
- Mratibu mmoja na mhazini mmoja, wasiwe mtu yule yule.
- Laptopu yenye tundu la HDMI, waya wake, na chaja.
- Projekta ya kukodi au ya kuazima.
- Spika mbili.
- Shuka jeupe la sita kwa sita, lisilo na maua, lililopigwa pasi.
- Kamba, pini za nguo, gundi ya karatasi, ekstensheni mbili ndefu.
- Bando la kutosha, kama utatazama moja kwa moja mtandaoni.
- Karatasi moja ya muhtasari wa hadithi kwa Kiswahili, nakala kwa kila mtu.
- Sweta au koti zito. Iringa iko juu ya mita 1,500 hivi, na usiku wa Juni hadi Agosti hauna utani. Watu wa Uyole na Makambako wanajua ninachosema. Wa Kyela wasisitizwe mara mbili.

Hatua ya 1: Chagua opera fupi

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu uchaguzi mbaya hauokolewi na projekta nzuri wala pilau.

Opera nyingi maarufu huchukua saa mbili na nusu au tatu. Kwa kundi la mara ya kwanza ni ndefu mno. Anza na *Gianni Schicchi* ya Giacomo Puccini, iliyooneshwa mara ya kwanza New York mwaka 1918. Ina takriban saa moja, tendo moja tu, na inachekesha. Zaidi ya yote, inahusu jambo ambalo hakuna familia ya Kitanzania isiyolijua: mirathi.

Hadithi iko Florence, Italia, mwaka 1299. Tajiri Buoso Donati amefariki, mwili uko kitandani, na ndugu wamezunguka wanalia. Kisha mnong'ono unapita kwamba marehemu ameacha mali yote kwa watawa. Kilio kinakatika. Watu wanapekua makabati. Wosia unapatikana, unasomwa, na ni kweli: watawa wamechukua kila kitu. Sasa ndipo wanalia kwa dhati.

Kijana wao Rinuccio anawaambia kuna mtu mmoja tu wa kuwaokoa, Gianni Schicchi, mtu wa kuja kutoka shamba, mjanja. Rinuccio anampenda binti yake, Lauretta, lakini familia haimtaki kwa kuwa hana mahari ya kuleta. (Huko na zama hizo mahari ilitoka kwa upande wa msichana. Liseme hili mapema, la sivyo akina mama watabishana hadi nusu ya onyesho.) Schicchi anakuja, anatukanwa, anataka kuondoka. Binti anamwimbia baba yake wimbo wa dakika mbili na ushee, «O mio babbino caro», na baba analainika.

Mpango ni huu: hakuna aliye nje ya nyumba anayejua kwamba Buoso amekufa. Maiti inaondolewa, Schicchi anaingia kitandani, anaiga sauti ya marehemu na kuandikisha wosia mpya mbele ya wakili na mashahidi. Kila ndugu anamnong'oneza pembeni ampe yeye vile vitu vitatu vizuri kuliko vyote: baghala, nyumba ya Florence, na vinu vya kusaga vya Signa. Schicchi anawakumbusha adhabu ya kughushi wosia: kukatwa mkono na kufukuzwa mji. Kisha wakili anafika, na Schicchi anawarithisha vitu hivyo vitatu… rafiki yake mpenzi, Gianni Schicchi. Ndugu wanatetemeka kwa hasira na hawawezi kusema neno, maana wakisema, mikono yao nayo itakatwa.

Ukiisimulia hivyo kwenye gari kati ya Igawa na Makambako, ukaishia Schicchi anapoingia kitandani, nusu ya kazi yako imekwisha. Watu watataka kuona nyuso za hao ndugu.

Wimbo wa Lauretta wengi watautambua. Hupigwa hata harusini. Wachache wanajua kwamba binti anamtishia baba yake kwamba atajitupa mtoni asipopewa mchumba wake. Waambie baada ya onyesho, watacheka.

Safari ya pili mnaweza kupanda hadi *Carmen* ya Georges Bizet, Paris 1875: ni ndefu, lakini ina nyimbo ambazo masikio ya watu yamekwisha zisikia bila kujua zinatoka wapi. Au *Filimbi ya Ajabu* ya Mozart, Vienna 1791, yenye malkia anayepandisha sauti hadi wanakwaya wa sauti ya kwanza watazamane. Zisiwe za kwanza.

Akitokea mtu wa kusema haya ni mambo ya Wazungu, usibishane sana. Mtajie Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini, aliyeimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III London mwaka 2023. Au filamu ya *U-Carmen eKhayelitsha*: Carmen nzima kwa Kixhosa, ndani ya Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, iliyotwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2005. Isitoshe, mtu aliyekulia kwenye kwaya za Nyanda za Juu Kusini, akasoma solfa na kupangwa sauti ya pili tangu mdogo, ana masikio tayari.

Hatua ya 2: Tafuta video halali, uitazame yote

OperaVision huweka opera nzima bure mtandaoni, kutoka majumba mbalimbali ya Ulaya, zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Majumba mengine nayo huweka za kwao kwenye YouTube. DVD halisi ukiipata ni bora zaidi, kwa sababu haihitaji mtandao.

Kagua mambo manne:

1. Tarehe ya kuondolewa. Opera nyingi za OperaVision hukaa kwa muda maalumu tu kisha hutolewa. Usipange safari ya Agosti kwa video inayoondoka Julai.
2. Kama ni *Gianni Schicchi* peke yake. Puccini aliiandika iwe ya tatu katika kundi la opera fupi tatu, zikioneshwa usiku mmoja. Ukikuta video ya saa tatu na ushee, unayoitafuta iko mwishoni. Andika dakika inapoanzia.
3. Kama ni onyesho la jukwaani au ni la kusimama na makaratasi tu. La makaratasi halifai kwa wageni.
4. Kama linafaa mbele za watoto na wakwe. Hadithi yenyewe ni safi, ila waongozaji wa siku hizi hupenda vituko, na huwezi kujua hadi utazame. Tazama yote, usiruke.

*Angalizo:* usitoze kiingilio. Marafiki waliochangia chakula na ukumbi wakitazama pamoja ni jambo moja. Ukibandika bango na kuuza tiketi umeingia kwenye hakimiliki na vibali, na huo ni mwongozo mwingine.

Hatua ya 3: Kusanya mchango mapema

Fungua kundi la WhatsApp, weka jedwali la gharama mbele ya kila mtu: nauli kwenda na kurudi, usiku mbili za lodge, ukumbi, projekta na spika, chakula cha Jumamosi usiku, usafiri wa Isimila, na akiba kidogo. Mhazini apokee kwa simu na aandike majina. Weka siku ya mwisho, wiki mbili kabla. Anayeahidi na anayechangia ni watu wawili tofauti. Kiti ni cha aliyechangia.

Hatua ya 4: Tarehe na ukumbi

Epuka Jumamosi za msimu wa harusi, maana kumbi zote zitakuwa na sendofu na mtaa mzima utakuwa na muziki. Ukumbi mdogo wa mikutano wa lodge unafaa, au ukumbi wa parokia kama una mwenyeji. Kabla ya kulipa uliza haya: baa iliyo karibu iko umbali gani? Jenereta lipo, na linaendesha soketi za ukumbini au taa za korido tu? Madirisha yana mapazia mazito? Viti vina mito, au ni vile vya plastiki?

Swali la baa ndilo kubwa. Lodge nzuri inayopakana na baa ya nyama choma haifai kwa kazi hii, hata wakikupunguzia bei. Atakayekwenda kukagua aende Jumamosi usiku. Jumanne asubuhi kila mahali pako kimya.

Ukumbi usio na mapazia mazito hauwezi kuanza kabla ya giza. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo panga kuanza saa moja na robo.

Hatua ya 5: Safiri Ijumaa

Mbeya hadi Iringa ni kilomita 330 hivi: Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa. Kwa basi hesabu saa sita au saba, na malori ya Tunduma yakiwa mengi, zaidi. Wa Njombe waungane na wenzao Makambako.

Kuna wanaotaka kuondoka Jumamosi alfajiri ili kuokoa usiku mmoja wa lodge. Sikushauri. Wanafika saa saba mchana, migongo inauma, na saa moja jioni unawataka wakae gizani kwenye viti. Anayebanwa na kazi Ijumaa aje hivyo hivyo, lakini akifika alale.

Mji wa Iringa uko juu kilimani na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Basi la masafa litakushusha stendi ya Igumbilo au hapo karibu. Panda bajaji au daladala kwenda juu. Wenye gari binafsi watapita njia ya kuingilia Isimila kilomita kama 20 kabla ya kufika mjini. Wakiwahi, wamalize hapo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Jumamosi mchana, jambo moja kubwa na moja dogo

Kubwa ni Isimila. Ondokeni saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakaza bondeni. Pale pana zana za mawe za watu wa kale, zinazokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000, na chini yake korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Kuna waongozaji wa pale pale, wachukueni. Viatu viwe vya kushika ardhi, na hii inawahusu hasa wanaotaka kupiga picha na viatu vya usiku. Saa sita mnakuwa mmerudi.

Dogo ni Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Saa moja inatosha.

Kisha watu walale. Iandikeni kabisa kwenye ratiba: saa nane hadi saa kumi, kulala. Watu wazima huona aibu kulala mchana safarini mpaka wapewe ruhusa.

Kalenga iacheni kwa safari nyingine. Fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, liko pale, na si mahali pa kupita mbio ukiangalia saa.

Hatua ya 7: Funga mitambo saa kumi, si saa moja

Watu wawili tu, wengine wakiendelea kupumzika. Fuateni mpangilio huu:

1. Tundika shuka. Ukingo wa chini uwe juu ya vichwa vya waliokaa mstari wa mbele, karibu mita moja na robo kutoka sakafuni. Maandishi huja chini ya picha. Shuka likiwa chini, mstari wa nyuma hautasoma chochote. Vuta pembe zote nne, shuka lisipepee.
2. Weka projekta kama mita tatu kutoka kwenye shuka, kisha isogeze mpaka picha ijae. Ielekee katikati. Ikipinda, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini.
3. Pitisha nyaya pembeni ya ukuta, uzibandike gundi. Lazima kuna mtu atakayeinuka gizani.
4. Spika ziwekwe kushoto na kulia kwa shuka, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Zisiwekwe sakafuni.
5. Rekebisha sauti. Hapa kaa.

Waimbaji wa opera huimba bila maikrofoni, mbele ya okestra nzima, ukumbi wa watu elfu na zaidi. Nguvu ya sauti yao iko sehemu za juu, ambako vyombo vya okestra vimepungua. Spika za kukodi mtaani zimepangwa kwa singeli na bongo fleva: besi imefunguliwa mpaka mwisho na sehemu hizo za juu zimefunikwa. Ukiziacha hivyo, okestra itanguruma na mwimbaji atasikika kama yuko chumba cha pili. Punguza besi mpaka katikati au chini yake, zima kabisa spika kubwa ya besi ikiwapo, na ondoa mwangwi ambao fundi muziki hupenda kuuweka. Fundi atakuambia muziki sasa «hauna nguvu». Mshukuru, mpe soda, usirudishe.

Kiwango cha sauti kipime kwa sehemu yenye kelele kuliko zote, pale ndugu wote wanapopiga mayowe pamoja. Ikikaa vizuri hapo, usiiguse tena. Wanaopima kwa sehemu ya kimya hujikuta wanakimbilia kitufe onyesho likiendelea.

Mwisho: zima taarifa za WhatsApp kwenye laptopu. Ujumbe wa ukoo kuhusu mchango wa msiba ukitokea katikati ya shuka, hakuna atakayemtazama tena Schicchi.

Hatua ya 8: Chakula

Saa kumi na moja jioni, kitu chepesi: chai ya tangawizi, sambusa, vitumbua. Chakula chenyewe kiwe baada ya opera, saa mbili na nusu usiku. Kuku wa kienyeji aagizwe asubuhi, maana ukimwagiza jioni utamla saa tano. Chakula kizito kabla ya onyesho ndicho chanzo cha usingizi, hata pale watu wanapomlaumu Puccini.

Ulanzi, pombe ya mianzi, kama ni msimu wake wa mvua, uje na chakula, usije kabla. Mtogwa, ule mtamu mbichi, hauna neno. Mkangafu, ule mkali, usubiri.

Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Mavazi kwanza. Huko Ulaya kwenyewe majumba mengi siku hizi hayamzuii mtu kwa sababu ya nguo. Hapa kwetu nashauri mpendeze, kwa hiari: kitenge kilichoshonwa, suti ya harusi ya mwaka jana, shuka la Kimasai juu yake kama baridi ni kali. Watu waliopendeza hukaa wima.

Saa moja kamili, watu waketi, kila mmoja na karatasi yake ya muhtasari. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri aisimulie hadithi kwa Kiswahili, dakika tano, mpaka pale Schicchi anapoingia kitandani. Asiseme nani anapata baghala. (Kwenye karatasi pia ficha mwisho. Kule barabarani, kama ulisimulia, ishia hapo hapo.)

Simu zizimwe, taa zizimwe, video ianze. Usiisimamishe kueleza kitu. Hili ndilo kosa linaloharibu usiku mwingi kuliko kukatika umeme: mratibu mwenye bidii anasimamisha kila baada ya dakika tano, «hapa sasa anasema hivi…». Asiyesoma Kiingereza ataelewa kwa nyuso na kwa karatasi. Mwache.

Makofi huja wimbo ukiisha. Mkiguswa, pigeni vigelegele. Waitaliano wenyewe si watu wa kunyamaza. Wenye kutaka kufuata desturi: *bravo* kwa mwanamume, *brava* kwa mwanamke, *bravi* kwa wengi. Kutunza, kama kwenye taarabu, haiwezekani hapa, shuka halina mfuko.

Ikiisha, msikimbilie taa. Schicchi humalizia kwa kuwaambia watazamaji neno moja kuhusu hukumu yake, akiomba apunguziwe. Msomeeni mtu asiyesoma Kiingereza, kisha mjadili wakati wa kuku: alikosea au hakukosea? Tengeni muda mrefu kwa hilo. Wenye kesi za mirathi nyumbani watasema mengi.

Hatua ya 10: Jumapili

Wanaokwenda ibada waende ya kwanza, na wasikilize kwaya wakiwa na masikio ya jana. Wasiokwenda wapande jiwe la Gangilonga asubuhi mapema, waone mji wote chini. Vikapu vya Iringa nunueni sokoni kabla ya saa nne.

Kurudi, pandeni gari linaloanzia Iringa, asubuhi. Msitegemee mabasi ya kutoka Dar: yanafika mchana yakiwa yamejaa, na malori yakikwama Kitonga, mtayasubiri hadi jua lizame.

Mambo yakienda kombo

*Picha ipo, sauti inatoka kwenye laptopu tu, au haitoki kabisa.* Waya wa HDMI hupeleka sauti kwenye projekta. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya laptopu, chagua spika za nje, au chomeka waya wa spika moja kwa moja kwenye tundu la vipokea sauti.

*Midomo na sauti haviendi pamoja.* Mara nyingi ni spika ya blututhi. Tumia waya.

*Picha imefifia.* Taa ya korido inaingia chini ya mlango, au projekta iko kwenye hali ya kuokoa umeme. Ziba mlango kwa taulo, badilisha mpangilio. Bado? Isogeze karibu, picha ndogo yenye mwanga ni bora kuliko kubwa iliyopauka.

*Mtandao unakwamakwama.* Shusha ubora hadi 480 na endelea. Sauti ndiyo muhimu. Saa moja kwa ubora wa 720 hula GB moja na ushee, kwa hiyo uwe na GB tatu, na laini ya mtandao wa pili mfukoni.

*Umeme umekatika na jenereta haliwaki.* Laptopu ina chaji, projekta haina. Mwambie yule msimulizi amalizie hadithi gizani, kisha kuleni. Mkirudishiwa umeme kabla ya saa tatu na nusu, anzeni upya pale kwenye wimbo wa Lauretta, sio mwanzo.

*Maandishi hayaonekani.* Yamezimwa kwenye video. Washa kabla watu hawajaingia.

*Mtu anakoroma.* Jirani yake amguse bega mara moja. Akirudia, mwacheni, kachangia na yeye.

*Watoto wamechoka.* Gherardino, mtoto wa ile familia, hutokea jukwaani mapema na hutumwa kukimbia kumwita Schicchi. Wapeni kazi ya kumtafuta. Baada ya hapo dakika arobaini hivi zimebaki, na wanaweza kwenda kulala.

*Baada ya dakika ishirini kundi limegawanyika, nusu wanataka mpira.* Hili halitibiki usiku huo. Safari ijayo uliza kwanza ratiba ya ligi.

Ukinogewa ukataka jumba lenyewe

Ndani ya Afrika, tazama Cape Town na Cairo. Kampuni ya Cape Town Opera huonesha kazi zake nyingi kwenye jumba la Artscape. Jumba la Opera la Cairo lilifunguliwa mwaka 1988, baada ya lile la zamani la mwaka 1869 kuungua mwaka 1971. Kutoka uwanja wa ndege wa Songwe mtaunganisha Dar, na si safari ya siku mbili tena. Wekeni siku tano angalau, na mnunue tiketi ya opera kabla ya ile ya ndege, maana tarehe za opera ndizo chache. Cairo, kwenye ukumbi mkuu, mwanamume anadaiwa koti na tai mlangoni, kwa hiyo ile suti ya harusi mfungashe.